Mizunguko Mitano Kasoro

Rula hakuanza na mtu. Alianza na chuma.

Kilikuwa kimelazwa juu ya gunia katika uwanja wa nyuma wa kituo cha polisi, kando ya gari kilimotoka. Ilikuwa hafshafti ya nyuma ya kushoto, ile fimbo nene inayotoka katikati ya ekseli kwenda kuzungusha gurudumu. Sasa ilikuwa vipande viwili. Koplo aliyekilinda kielelezo hicho alikuwa amekwisha kutoa hukumu.

"Feki hiyo, Afande. Haina hata namba ya kiwanda. Fundi kanunua takataka, kafunga takataka, gari limerudi kinyumenyume mlimani, daktari wa mifugo kavunjika bega. Saa kumi Mkuu anataka jalada mezani. Kesho asubuhi fundi yuko kizimbani na karakana imefungwa. Kesi imejimaliza yenyewe."

"Kesi zinazojimaliza zenyewe hufufuka zenyewe," alisema Rula, akachuchumaa.

Hilo halikuwa jina lake. Kituoni walimwita hivyo kwa sababu katika mfuko ambao maofisa wenzake waliweka kalamu, yeye aliweka rula ya chuma. Aliichomoa.

"Chuma kibovu huanza kufa kabla ya kukatika," alisema. "Ufa unaingia, maji yanaingia kwenye ufa, kutu inafuata maji. Unaona kutu hapo kilipokatikia?"

Koplo aliinama. Mvunjiko wote ulikuwa wa rangi moja ya kijivu. "Sioni."

"Sasa tazama meno."

Mwisho wa fimbo ulikuwa umechongwa meno marefu, yale yanayoshikana na gia za ndani ya ekseli. Kiwandani yalichongwa yakiwa yamenyooka. Sasa yalikuwa yamejisokota kama kamba. Rula alipima: ndani ya sentimita sita, jino lilikuwa limehama kando milimita tisa.

"Hiki hakikuwa kibovu. Kimesokotwa hadi kikashindwa. Chuma duni kingekatika zamani, kabla ya kujisokota hivi."

"Kimesokotwa na nani?"

"Hilo ndilo swali. Liandike."

Koplo aliandika. Kisha, bila kuambiwa, alichukua kitambaa akafuta grisi iliyoganda kwenye ncha ya pili ya chuma. Namba ya kiwanda ilikuwa pale, tarakimu saba, zinasomeka vizuri. Rula alisubiri mpaka namba ikaandikwa.

Mambo yasiyobishaniwa yalijaa nusu ukurasa. Wiki sita zilizopita, daktari wa mifugo alipeleka gari lake kwa fundi ili liweze kupanda milima ya mawe kwenye mazizi anayoyahudumia. Fundi akabadilisha ekseli ya nyuma, gia, akaongeza na loki. Jumatatu, dereva, ambaye ni mpwa wa daktari, alikuwa akilipandisha gari juu ya mwamba mkavu uliposikika mlio kama wa risasi. Gari likateleza kinyumenyume mita thelathini na moja. Lilisimama gurudumu la nyuma la kushoto likiwa limebakiza sentimita sabini na nne kufika kwenye korongo. Rula alizipima mwenyewe. Daktari aliruka kabla halijasimama, na mfupa wa bega lake ukavunjika.

Katika maelezo ya daktari kulikuwa na mstari ambao Mkuu wa kituo aliupigia wino mwekundu: *Nilimwambia fundi ninachotaka. Hakunisikiliza.*

Leo ilikuwa Alhamisi, saa tatu na robo asubuhi.

*

Fundi alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye mikono iliyokaa siku tatu mahabusu bila kugusa oili na ambayo haikujua ijiweke wapi. Aliketi upande wa pili wa meza kama mtu anayesubiri zamu kwa kinyozi.

"Daktari anaendeleaje, Afande?"

"Ametolewa hospitali. Alikutaka ufanye nini?"

"Loki mbili. Ya mbele na ya nyuma."

"Nieleze loki kama mtu asiyejua."

"Ile gia ya katikati ya ekseli tunaiita difu. Kazi yake kugawa nguvu kwa magurudumu mawili. Ila difu ni kama mgeni mvivu: inakimbilia pasipo na kazi. Gurudumu moja likining'inia hewani, nguvu yote inakwenda huko, na lililokanyaga ardhi halipati kitu. Ukifunga loki, magurudumu mawili yanakuwa kitu kimoja. La hewani likizunguka, la ardhini nalo halina budi."

"Kitu kizuri. Kwa nini ukamnyima?"

"Nilimpa ya nyuma. Ya mbele ukiifunga, usukani unakuwa mzito kama jiwe. Dereva asiyeizoea anakwenda gari linakotaka, siyo anakotaka yeye. Na dereva wake ni yule mpwa wake. Kijana mwema sana. Lakini..." Fundi alitafuta neno lisilo na ubaya. "Lakini ana haraka."

"Fedha ya loki ya mbele ukaifanyia nini?"

"Nikanunulia ekseli ya nyuma nzima. Ile ya zamani, uzito wa gari ulikuwa umekalia hafshafti yenyewe. Hafshafti ikikatika, gurudumu linatoka nayo. Hii niliyofunga, uzito unakalia hab, kile kitovu cha gurudumu. Hafshafti haibebi chochote, inazungusha tu. Ikikatika, gurudumu liko palepale, breki iko palepale. Nilimwambia, Daktari, unataka loki mbili, au unataka gurudumu lisilotoka? Akasema anataka loki mbili."

"Wewe ukafunga gurudumu lisilotoka."

"Nikafunga. Nikamweleza siku ya kuchukua gari. Alininunia, na haki yake."

Rula aliandika mpaka mwisho wa sentensi ndipo akauliza tena. "Na gia?"

"Alikuja na tairi kubwa. Tairi kubwa linalifanya gari jepesi kuwa zito. Kwa hiyo nikabadilisha gia za difu zote mbili. Gia kubwa meno thelathini na tisa, ndogo meno manane. Propela, ile fimbo inayoleta nguvu ya injini kwenye difu, izunguke karibu mara tano ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Za mwanzo zilikuwa mara nne na chembe."

"Kwa nini difu zote mbili?"

Kwa mara ya kwanza fundi alimkazia macho. "Lazima zilingane, Afande! Ukiacha moja ya zamani, siku ukitia fo-wili, yote manne yavute, magurudumu ya mbele yanataka kukimbia na ya nyuma yanatembea. Kwenye mchanga yatateleza, yatasameheana. Kwenye mwamba mkavu hakuna msamaha. Fahali wawili nira moja, kila mmoja na mwendo wake. Lazima kitu kikatike."

"Kitu gani?"

Fundi alitazama mikono yake.

"Hafshafti," alisema polepole.

"Umewahi kufunga difu zisizolingana?"

"Mara moja. Miaka kumi na minne imepita. Kwa nje zinafanana kama mapacha, hata mama yao angezichanganya. Tangu siku ile sifungi difu mpaka niyahesabu meno kwa kidole. Nikimaliza nagonga nukta kwenye mdomo wa difu, nukta moja kwa kila jino la gia ndogo. Ukikuta nukta nane, hiyo imepita mkononi mwangu."

"Siku tatu umekaa hapa. Kwa nini hukusema?"

"Waliniuliza kwa nini nimenunua vyuma feki. Nikasema sikununua. Hawakuwa na swali la pili." Akaiweka mikono juu ya meza. "Ahsante kwa swali la pili, Afande. Na kama nilikosea kuhesabu, andika kwamba nilikosea. Kulikuwa na watu ndani ya gari lile."

"Nitahesabu mwenyewe. Nifundishe namna."

Alimfundisha kwa dakika nne, akitumia kikombe cha chai na kalamu mbili.

*

Koplo alivua shati, akalala chini ya gari juu ya boksi lililokunjuliwa. Rula alishika chaki na tochi.

Walianza nyuma. Kwenye mdomo wa difu, chini ya tope, palikuwa na vishimo vidogo kwa mstari. Koplo alivihesabu kwa sauti mpaka nane. Kati ya mdomo na ekseli palichungulia ukingo wa gaskiti ya karatasi, kizuizi cha oili kilichokatwa kwa mkono.

"Hafshafti moja imekatika, tutahesabuje?" aliuliza Koplo.

"Tunafunga loki. Ikifungwa, gurudumu moja linatosha."

Rula alibonyeza swichi kwenye dashibodi. Pampu ndogo ya upepo ikakoroma chini ya kiti, ikanyamaza, na nyuma pakasikika mlio wa kitu kujipachika mahali pake. Gia zilikuwa huru. Alichora mstari wa chaki kwenye gurudumu la kulia, lililokuwa juu ya jeki, na mwingine kwenye propela. Kisha akalisukuma gurudumu kwa mikono miwili, taratibu, mzunguko mmoja kamili.

"Moja," alisema Koplo kutoka chini. "Mbili. Tatu. Nne... Tano kasoro, Afande. Imebakiza upana wa vidole viwili."

"Tena."

Walirudia. Tano kasoro.

Kwa mbele, gurudumu moja liliachwa chini na la pili likainuliwa. Hapakuwa na loki, kwa hiyo, kama fundi alivyosema, gurudumu lililoinuliwa lilipaswa kuzungushwa mara mbili ili lihesabiwe moja. Rula alizungusha.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne." Rula alimaliza mzunguko wa pili. "Nne na chembe. Imesimama, Afande."

"Tena."

"Nne na chembe."

"Tafuta nukta."

Koplo alisugua kwa kitambaa, kisha kwa kucha. "Hamna hata moja. Na hii difu imepakwa rangi ya fedha, siyo nyeusi kama ile. Halafu hakuna gaskiti ya karatasi. Wameziba na silikoni ya bluu, imefurika nje kama dawa ya meno."

Rula aliingiza kichwa chini ya gari. Chini ya gari lote palikuwa na tope kavu la wiki nyingi, isipokuwa mahali pamoja kuizunguka difu ya mbele, upana wa sufuria, ambapo chuma kilikuwa safi. Kwenye bamba la kukinga, mbele kidogo, palikuwa na bonde jipya, na ndani ya bonde nyuzi tatu za gome la mti. Alizichukua kwa koleo, akazitia kwenye bahasha, akaandika saa.

"Kwa hiyo fundi kafunga moja sawa, moja siyo sawa?" aliuliza Koplo, akijitoa chini.

"Fundi wa karatasi na nukta nane hawi fundi wa silikoni kwa siku hiyohiyo. Lete daftari la safari."

Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa mlango, limejazwa kila siku kwa mwandiko wa daktari. Gari lilifanya kazi kila siku kwa wiki sita. Isipokuwa Jumamosi iliyopita: *Nipo mkutanoni. Gari kwa dereva, kuoshwa.*

*

Dereva alikuwa kwenye benchi la korido. Hakuwa ameitwa. Tangu Jumatatu alikuwa akija kila asubuhi na kukaa pale, na kila aliyepita alidhani amekuja kusikiliza maendeleo ya kesi. Alikuwa na miaka ipatayo thelathini, na kucha zake alikuwa amezitafuna mpaka nyamani.

"Jumamosi ulifanya nini?" aliuliza Rula, akimwonyesha kiti ofisini.

"Niliosha gari, Afande."

"Siku nzima?"

"Lilikuwa chafu."

"Chini bado lina tope la mwezi mzima. Umeosha mahali pamoja tu, pana kama sufuria."

Dereva aliruka kimanga. Hajui lolote la chini ya gari. Yeye kazi yake usukani. Mambo ya chini aulizwe fundi, ndiye aliyelipwa.

Rula alimsikiliza mpaka akaishiwa, kisha akaweka mezani bahasha yenye gome la mti. Kando yake akaweka karatasi yenye tarakimu mbili.

"Ya nyuma, karibu tano. Ya mbele, nne na chembe. Unajua maana yake?"

"Hapana, Afande."

"Nakuamini. Ungejua, usingetia fo-wili ukiwa na mama yako mdogo ndani."

Kijana alitazama karatasi kwa muda. Kisha akaufunika uso kwa mikono yake.

"Niligonga kisiki," alisema nyuma ya viganja. "Ijumaa jioni. Difu ikapasuka, oili yote ikamwagika. Mama Mdogo alishaniambia, ukiligonga gari hili, kazi basi, ubaki mpwa tu. Nikaenda kwa wauza vyuma chakavu. Nikaipata ileile."

"Ileile?"

"Nilipima matundu ya bolti, Afande! Yalikaa yote. Umbo lilelile, uzito uleule. Nikaipaka rangi ipendeze."

"Ulihesabu meno?"

"Meno yako ndani."

"Ndiyo," alisema Rula. "Yako ndani. Uliyopasua iko wapi?"

"Chini ya kitanda changu."

"Na siku tatu umekaa kwenye benchi lile ukimtazama mtu mwingine akiliwa na kosa lako."

"Kila siku nilikuja kusema. Kila siku nikifika mlangoni ulimi unakwama. Nikawa nafikiri, pengine kweli hafshafti ilikuwa feki. Niliomba Mungu iwe feki."

Koplo na kijana walitumwa kwenda kuichukua. Walirudi saa nane na dakika ishirini, wakiwa na kitu kizito kilichofungwa shuka. Difu nyeusi, ganda limepasuka chini, vipande vya gaskiti ya karatasi bado vimeshika ukingoni. Rula alipitisha kidole kwenye mdomo wake. Nukta nane. Aliyahesabu pia meno, kwa sababu nukta ni maneno ya mtu na jino ni jino. Manane kwa thelathini na tisa.

*

Daktari alifika saa tisa, mkono wa kulia ukining'inia kwenye kitambaa shingoni. Rula alikuwa amepanga vitu mezani kwa utaratibu: hafshafti iliyokatika, difu iliyopasuka, rula. Mpwa alisimama ukutani. Fundi alikuwa ameletwa, amepewa kiti, naye akakikalia ukingoni.

Rula alieleza kwa dakika tano, bila kupandisha wala kushusha sauti. Daktari hakumkatiza. Rula alipomaliza, Daktari alimgeukia mpwa wake.

"Ng'ombe akinificha jeraha, namwelewa," alisema. "Hana mdomo. Wewe je?"

"Nisamehe, Mama Mdogo."

"Usianze na mimi. Mimi nimelala kitandani siku hizi zote. Anza na aliyelala sakafuni."

Kijana alimwendea fundi. Alitaka kupiga magoti. Fundi akamshika kiwiko kabla hajafika chini.

"Mimi nilifanya kosa hilihili," alisema fundi. "Nilikuwa nimekuzidi umri na ujuzi, na kwa hiyo wewe una afadhali. Jumatatu uje karakana. Difu mpya ya gari lile utaihesabu meno wewe, kwa kidole chako, mbele yangu. Mara tatu."

"Nitakuja, Fundi. Ahsante."

"Njoo na nguo za kuchafua."

"Atakuja akimaliza na mimi," alisema Rula. "Ana maelezo ya kuandika, na safari hii yawe ya kweli. Kitakachofuata kitatokana na maelezo hayo."

Daktari alikuwa ameinamia hafshafti. Aliyagusa meno yaliyojisokota kwa mkono wa kushoto, kama anavyopapasa mguu wa mnyama kutafuta mfupa. "Inspekta, gari lilisimama umbali gani kutoka korongoni?"

"Sentimita sabini na nne."

"Kwa ekseli yangu ya zamani?"

"Hafshafti ingekatika vilevile. Gurudumu lingetoka nayo, na breki ya upande huo. Gari lingeegemea kushoto."

"Kushoto ndiko kuna korongo."

"Ndiyo."

"Na dereva alikuwa bado ndani."

"Ndiyo."

Nje, mtu alikuwa akijaribu kuwasha pikipiki iliyokataa. Daktari alisimama wima, akamgeukia fundi.

"Nilikuja kukuambia jambo, Fundi. Nililipanga njiani. Limenipotea."

"Bega likipona litarudi," alisema fundi.

Daktari alicheka, akajuta kwa sababu ya bega, akacheka tena. Kisha akaomba kuona maelezo aliyoyatoa hospitali siku ya Jumatatu. Rula alifungua jalada. Ulikuwapo ule mstari wenye wino mwekundu chini yake.

"Naomba huu ufutwe."

"Maelezo hayafutwi," alisema Rula.

"Lakini unaona mwenyewe jinsi unavyosomeka. Unamtia mtu hatiani."

"Ni kweli tupu. Ulimwambia, na hakukusikiliza. Siwezi kufuta lililo kweli." Alitazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na tano kufika saa kumi. Akageuza jalada kuelekea upande wa daktari na kuweka kalamu juu yake. "Ila unaruhusiwa kuongeza."

Daktari alishika kalamu kwa mkono wa kushoto. Ilimchukua muda, na herufi zilikwenda mrama kama za mtoto anayejifunza. Koplo alijikausha, akijifanya hasomi. Daktari alipomaliza alitia sahihi, na tarehe, na saa, kama alivyoelekezwa.

Rula alikagua ukurasa kama alivyokagua kila kitu, kuanzia juu kwenda chini.

*Nilimwambia fundi ninachotaka. Hakunisikiliza.*

Na chini yake, kwa mwandiko uliopinda:

*Nashukuru.*

Alilifunga jalada, akalipeleka kwa Mkuu.